Gemu Linastaki: Ni Prosesa, Ni Kadi, au Ni Joto la Dar?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Tabata alikuja kwangu na kompyuta yake nyuma ya bodaboda, ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. "Shikamoo kaka." Marahaba, karibu ndani. Alikuwa amedunduliza miezi saba, akaenda Kariakoo, akanunua kadi ya grafiki RTX 3060, kadi halali kabisa. Akaifunga mwenyewe, tena vizuri. Gemu likaendelea kustaki palepale lilipokuwa likistaki na kadi ya zamani. "Kaka, wamenipiga?" Hawakumpiga. Ndani ya kasha kulikuwa na prosesa i5-4590 ya mwaka 2014, kori nne (sehemu nne za kufanyia kazi), na kijiti kimoja tu cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kadi mpya ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 45, na muda uliobaki imekaa inasubiri.

Hiyo ndiyo kesi ninayoletewa kuliko zote, na inaniuma kila mara kwa sababu najua hela ile ilivyopatikana. Chukua mfano wa kibanda cha chipsi. Kuna anayemenya na kukata viazi, na kuna anayekaanga. Prosesa ndiyo inayokata: inapanga nani yuko wapi uwanjani, mpira umeelekea wapi, gari lipi linapita. Kadi inakaanga, yaani inachora kile ilichopangiwa. Mkaangaji akiwa anasubiri viazi, ukimnunulia karai kubwa zaidi hutauza hata sahani moja ya ziada. Kazi yako kabla ya kutoa hela ni kujua nani anamsubiri nani.

Pima kabla hujashika bisibisi

Pakua programu za kupimia, MSI Afterburner pamoja na RivaTuner. Zote ni za bure. Weka zikuonyeshe juu ya gemu: matumizi ya kadi, joto la kadi, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, matumizi ya kila kori ya prosesa, joto la prosesa, na fremu kwa sekunde (idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde). Ongeza na fremu za asilimia 1 ya chini, yaani zile za polepole kuliko zote, kwa sababu ndizo zinazoonyesha mistuko ambayo wastani unaificha. Cheza nusu saa sehemu ile inayokusumbua, wala usipime ukiwa kwenye menyu. Linapostaki tu, piga picha skrini kwa simu.

Usiiamini asilimia ya jumla ya prosesa. Prosesa yenye nyuzi 12 (threads, yaani kazi 12 kwa wakati mmoja) inaweza kuandika asilimia 35 huku kori moja imezidiwa kabisa, maana magemu mengi huibebesha kori moja sehemu kubwa ya mzigo. Ndiyo sababu nimesema uziangalie kori moja moja.

Dalili: fremu ziko chini tangu unapoanza kucheza

Anza na mambo yasiyogharimu kitu. Zunguka nyuma ya kasha uone kebo ya skrini imechomekwa wapi. Ikiwa iko kwenye matundu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kule juu karibu na ya USB, basi unachezea grafiki ndogo ya prosesa na kadi yako imelala. Nimelikuta hili kwa watu wanaoijua kompyuta vizuri, mara nyingi baada ya kuhama nyumba. Kisha angalia kama fremu zimefungwa: V-Sync (mpangilio unaofungia fremu kwenye kasi ya skrini) ikiwa imewashwa kwenye skrini ya Hz 60, hutapita 60 hata ufunge kadi ya bei gani.

Sababu inayofuata kwa wingi ni RAM. Kijiti kimoja hutumia njia moja. Viwili vinavyofanana hutumia njia mbili, na kwa prosesa za zamani tofauti unaiona kwa macho. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama ni njia moja au mbili. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, mara nyingi vijiti viwili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, lakini soma kijitabu chake. Angalia pia kasi: RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 hukimbia 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya mazabodi. Nimewahi kumrudisha mtu nyumbani akiwa na furaha kwa kuwasha kitufe hicho kimoja.

Yote yakiwa sawa, fanya jaribio ambalo mimi nalitegemea kuliko mengine. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, usiguse kingine, rudi sehemu ileile ya gemu. Fremu zikiruka juu sana, kadi ndiyo ilikuwa imezidiwa, kwa sababu umeipunguzia eneo la kuchora. Zikibaki palepale, au zikiongezeka mbili tatu tu, prosesa ndiyo inayochelewesha, maana idadi ya watu na magari ya kupanga haijapungua. Thibitisha kwa kinyume chake: rudisha 1920×1080, kisha punguza umati wa watu na umbali wa kuona. Fremu zikipanda hapo, jibu ni prosesa.

Kadi inastahili kubadilishwa ikiwa inakaa asilimia 95 na kuendelea muda wote, joto lake ni la kawaida, umeshusha mipangilio mpaka kiwango ambacho bado unakifurahia, na hata hivyo hufiki unapotaka. Kwa fremu 60, kila fremu inapaswa kuwa tayari ndani ya milisekunde 16.7. Kwa mtu anayecheza mpira na wenzake sebuleni hiyo inatosha kabisa. Usiingie gharama kwa sababu tu umeona mtu mtandaoni anacheza fremu 240.

Dalili: wastani ni mzuri lakini picha inashtuka kila baada ya muda

Uliza kwanza gemu limekaa wapi. Likiwa kwenye hadi diski (HDD) ya zamani, linashtuka kila unapoingia eneo jipya, na hakuna prosesa itakayoponya hilo. Hamishia kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Pili, RAM ya GB 8 na kivinjari chenye tabo ishirini nyuma ya gemu: funga kivinjari, jaribu tena.

Tatu, kumbukumbu ya kadi. Kadi za GB 4 kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinajaa haraka kwenye magemu ya siku hizi. Utaona kuta na nguo zinakaa na ukungu sekunde kadhaa kabla ya kukamilika, halafu picha inaganda. Shusha ubora wa tekscha (sura za kuta na nguo hizo) hatua moja, hizo ndizo zinazokula nafasi. Mistuko ikiisha, umepata jibu: siku ukibadilisha kadi, nafasi ya kumbukumbu ndiyo ya kuitazama kwanza, kuanzia GB 8.

Kama mistuko ilianza mara baada ya kusasisha draiva (programu inayoendesha kadi) au gemu, vumilia mechi mbili tatu. Magemu mengi hutayarisha upya vipande vya programu vya kuchorea (shaders) na mistuko huisha yenyewe. Prosesa ya kori nne bila nyuzi za ziada naishuku mwisho, lakini nikishaishuku huwa ndiyo. Kori zote nne ziko asilimia 100 na sauti nayo inakatikakatika.

Dalili: linaanza vizuri, baada ya nusu saa linachoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jiji letu lina lake. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma, chumba kilichofungwa madirisha saa nane mchana kinapita nyuzi 33. Hitisinki, kile kipoza joto kilicho juu ya prosesa, haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayovutwa. Kompyuta iliyokuwa ikikaa nyuzi 80 wakati wa kusi mwezi Julai inaweza kugusa 88 mwezi Februari bila kitu chochote kuharibika. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zinapofika nyuzi 100. Prosesa za AMD, Ryzen za mfululizo wa 5000, hufanya hivyo kwenye 90 au 95 kutegemea modeli, na kadi nyingi za NVIDIA huanza kujizuia karibu na 83. Ukiona fremu zinashuka wakati joto limegota kwenye namba hizo, usinunue chochote kwanza.

Toa kasha ndani ya kabati la televisheni. Fungua ubavu wake, cheza nusu saa, tazama tena. Joto likishuka nyuzi 8 au 10, tatizo ni hewa kutozunguka, na feni moja ya mbele inaweza kulimaliza. Kisha safisha. Zima, chomoa waya ukutani, toka nje na burashi laini na blowa. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu huharibu beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye saketi. Wanaokaa Kigamboni, Mbezi Beach na sehemu zote za karibu na bahari watazame pia miguu ya vipande na skrubu: chumvi ya hewani inaacha ukungu mweupe au wa kijani. Ukiwa kwenye skrubu tu, futa. Ukiwa kwenye saketi ya kadi au mazabodi, peleka kwa fundi mwenye vifaa vya kusafishia.

Vumbi likiisha na joto bado lipo, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki imekufa. Utaijua: inabanduka vipande vikavu kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Futa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Angalizo kwa wenye Ryzen za soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) ya AM4: usivute hitisinki juu kwa nguvu ikiwa baridi. Pesti iliyoganda huing'oa prosesa pamoja nayo na kupinda pini. Washa kompyuta dakika kumi ipate moto, izime, chomoa, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka iachie. Kufungua kadi yenyewe ili kubadilisha pesti ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Pedi zinazopoza chipu za kumbukumbu zina unene maalumu, na ukiweka usio sahihi unaiua kadi nzima.

Dalili: inazima ghafla gemu linapopamba moto

Kwanza ondoa umeme wa nyumba kwenye orodha ya washukiwa. Taa zilififia? Friji iko kwenye ekstensheni hiyohiyo? Chomeka kompyuta peke yake kwenye soketi ya ukuta. Ukitumia UPS, soma wati zake: VA 650 si wati 650, na nyingi za aina hiyo hazibebi kompyuta ya magemu ikiwa kazini.

Baada ya hapo mshukiwa mkuu ni pawa saplai, kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, hasa kwa wanaotumia kompyuta za ofisi zilizotumika. Nyingi za Dell na HP za enzi ya Intel kizazi cha nne zina pawa saplai ya wati 240 hadi 320, na plagi za mazabodi zake si za kawaida, kwa hiyo huwezi kununua yoyote na kuichomeka. Hesabu ni hii: tundu la PCIe (kadi inapochomekwa kwenye mazabodi) linatoa wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi isiyo na plagi, kama GTX 1650 nyingi au RTX 3050 ya GB 6, inaishi kwa wati 75 za tundu. RTX 3060 inahitaji 170, RX 580 inahitaji 185. Tafadhali usitumie adapta ya kugeuza waya wa SATA (wa kulishia diski umeme) kuwa pini 6 au 8. Kontakta ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12. Nimeshika mkononi iliyoyeyuka hadi plastiki ikanata kwenye kadi.

Simama hapo na umwite mtu wa fani ukiona lolote kati ya haya: harufu ya kuungua, plagi iliyobadilika rangi, kapasita iliyovimba kichwani, au kasha linalokupiga shoti ukiligusa. Hilo la mwisho watu wanalizoea, na wasilizoee: mara nyingi ni dalili kwamba nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi, na anayehitajika ni fundi umeme mwenye leseni. Pawa saplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji.

Dalili: gemu linajifunga, au michirizi na rangi za ajabu

Michirizi inayoonekana ndani ya gemu moja tu huwa ni draiva. Ifute kabisa, weka upya. Ikionekana mpaka kwenye BIOS, kumbukumbu ya kadi inakufa. Kuna watu wanaoweka kadi kwenye oveni ya jikoni. Inaweza kufufuka wiki mbili, na moshi wake unabaki mnapopikia chakula cha watoto. Msifanye hivyo.

Kuna kesi moja inayowapoteza wengi: gemu linajifunga likidai kumbukumbu ya kadi imekwisha, wakati kadi ina nafasi tele. Ukiwa na Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, ishuku prosesa. Intel ilikiri tatizo la volti kwenye prosesa hizo, ikatoa marekebisho kupitia BIOS Agosti na Septemba 2024 na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Sasisha BIOS. Prosesa iliyokwisha kuharibika haitapona kwa sasisho, hiyo inadaiwa kwenye dhamana.

Dalili: fremu safi, lakini unapigwa kabla hujamwona adui

Huu ni mtandao. Angalia pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi. Ukiwa Dar, seva ya Johannesburg na ya Ulaya ziko mbali, na kila kitu kinapita kwenye kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipoharibika, nililetewa kompyuta mbili nzima kabisa. Jaribu kwa waya badala ya Wi-Fi, jaribu usiku wa manane, chagua seva iliyo karibu. Kadi haipunguzi pingi.

Dalili: gemu linakataa kabisa kufunguka

Tofauti na zilizotangulia, dalili hii inasema kweli kuhusu umri. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. Gemu la Valorant kwenye Windows 11 halifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa kompyuta inapowaka. Kama kompyuta yako ina TPM lakini imezimwa kwenye BIOS, iwashe, ni bure. Kama haina kabisa, akiba yako ielekee kwenye prosesa, mazabodi na RAM kwa pamoja, kadi isubiri.

Umepima, umeamua

Kwa prosesa, soketi ndiyo inayokuamulia. Mwenye mazabodi ya B450 na Ryzen 5 1600 ya 2017 ana bahati: anaweza kufunga Ryzen 5 5600 palepale, akisasisha BIOS kwanza. Fanya sasisho hilo ukiwa na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza kufa. Soketi ya LGA1700 inapokea vizazi vya 12, 13 na 14. Wenye LGA1150, kama yule kijana, wamefika mwisho wa barabara: juu yake kuna i7-4790 na ndugu zake tu. Tulimtafutia hiyo iliyotumika, tukaongeza kijiti cha pili cha RAM. Kadi ikapanda kutoka asilimia 45 hadi kama 70, mistuko ikapungua sana. Sasa anadunduliza kwa ajili ya mazabodi mpya bila presha, na RTX 3060 yake ataihamishia huko.

Kwa kadi, uliza idadi ya njia za PCIe, zile zinazopitisha data kati ya kadi na mazabodi. RX 6400 na RX 6500 XT zina njia nne tu. Kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 zinapoteza uwezo unaoonekana, ingawa wauzaji huzisifia kwa sababu ya bei. Na kwenye kadi iliyotumika, kumbuka kwamba uchimbaji wa Ethereum kwa kadi uliisha Septemba 2022 na kadi zilizofanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagika sokoni. Si lazima ziwe mbovu, ila feni na pesti zake zimechoka.

Nenda Kariakoo na flashi yenye GPU-Z, programu ya kutambua kadi. Omba kadi ifungwe kwenye kompyuta ya dukani mbele yako. GPU-Z ikiandika "FAKE" mbele ya jina, ni kadi ya kale iliyobadilishwa programu yake. RX 580 iwe na vitengo vya kuchakata (shaders) 2304; ikionyesha 2048, ni toleo dogo na bei yake iwe ndogo. Kisha omba iendeshe gemu zito dakika 20 huku ukitazama joto na kusikiliza feni. Muuzaji mkweli atakuvutia kiti. Asipokubali, funga flashi yako, mshukuru, nenda duka linalofuata.